Mstari Mmoja Ni Nini? Hotuba Kuhusu Kujumlisha Majedwali Yanayohusiana kwa Kipindi

Ndugu mwenyekiti, ndugu wahasibu, watunza hifadhidata, waandishi wa programu na nyote mnaoandaa ripoti, nawasalimu na nawashukuru kwa kunikaribisha.

Kuna ombi ambalo sote tunalifahamu: "Naomba nione kila mteja ametozwa kiasi gani na amelipa kiasi gani, tangu tarehe fulani mpaka tarehe fulani." Ukilisikia hivi unaona ni kazi ya dakika tano. Unayo jedwali la wateja, la ankara, la vipengele vya kila ankara na la malipo. Unayaunganisha, unaweka tarehe mbili, unaandika SUM, yaani amri ya kujumlisha, basi. Kwiri, yaani ombi unaloiandikia hifadhidata kwa lugha ya SQL, inakimbia bila kulalamika, namba zinatoka zimepangika vizuri, ripoti inatumwa. Na ni ya uongo.

Kompyuta haikosei kujumlisha. Kosa linakuwa limeshafanyika kabla, pale ilipoamuliwa ni mistari ipi iingie kwenye hesabu na kila mmoja uingie mara ngapi. Kwa hiyo leo nawaomba mjizoeze kujibu maswali mawili kabla hamjagusa SUM. La kwanza: mstari mmoja wa matokeo haya unasimama badala ya kitu gani? La pili: tarehe ninayochujia ni tarehe ya nini? Mengi nitakayosema yanaangukia kwenye moja ya hayo mawili.

Tutumie mfano mdogo, ambao mtu anaweza kuuhesabu kwa vidole. Ankara namba 101 ni ya mteja 7, ya tarehe 20 Januari 2024. Ina gharama ya usafirishaji 500, iliyoandikwa kwenye ankara yenyewe. Kwenye jedwali la vipengele ina mistari mitatu: 4,000, 2,500 na 2,500. Vipengele ni 9,000. Ukiongeza usafirishaji, anadaiwa 9,500. Amelipa mara mbili: 5,000 tarehe 25 Januari na 4,500 tarehe 3 Februari. Ankara namba 102 ni ya mteja 8, imeingizwa tarehe 31 Januari saa 14:20, ina kipengele kimoja cha 1,200, haina usafirishaji na bado hajalipa chochote. Mteja 9 yumo kwenye jedwali la wateja lakini mwezi huo hakununua kitu.

Sasa tazameni kinachotokea mtu anapounganisha yote kwa mkupuo:

```
SELECT a.id, SUM(v.kiasi), SUM(m.kiasi), SUM(a.usafirishaji)
FROM ankara a
JOIN vipengele v ON v.ankara_id = a.id
JOIN malipo m ON m.ankara_id = a.id
GROUP BY a.id;
```

Ankara 101 inarudisha vipengele 18,000, malipo 28,500 na usafirishaji 3,000. Hakuna hata namba moja iliyo sahihi. Ondoeni SUM na GROUP BY, ile inayokunja mistari ibaki mmoja kwa kila ankara, mtazame mistari ilivyo kabla haijakunjwa:

```
kipengele   malipo   usafirishaji
4,000       5,000    500
4,000       4,500    500
2,500       5,000    500
2,500       4,500    500
2,500       5,000    500
2,500       4,500    500
```

Mistari sita. Vipengele vitatu mara malipo mawili. Kila kipengele kimetokea mara mbili kwa kuwa malipo ni mawili. Kila malipo yametokea mara tatu kwa kuwa vipengele ni vitatu. Usafirishaji, ambao ulikuwa mmoja tu, umetokea mara sita. Mashine haijaharibika. Tangu Edgar F. Codd alipoweka msingi wa hifadhidata za namna hii mwaka 1970, kuunganisha majedwali maana yake ni kuleta kila jozi inayolingana. Vipengele na malipo havina uhusiano wa moja kwa moja. Vinajuana kupitia ankara tu, kama watoto wawili wa mama mmoja. Ukiwaweka meza moja, kila mmoja atashikana mkono na kila mwenzake.

Kwa hiyo rudini kwenye swali la kwanza: mstari mmoja hapa ni nini? Si ankara, si kipengele, si malipo. Ni "kipengele kimoja kilichokutana na malipo mamoja", kitu ambacho hakipo katika biashara yoyote duniani. Ukijumlisha vitu visivyokuwepo utapata jumla isiyokuwepo.

Tabia mbaya ya kosa hili ni kujificha. Ankara yenye malipo mamoja tu huonyesha vipengele sawasawa. Na ikiwa pia ina kipengele kimoja tu, kila kitu kiko sawa. Mtu akijaribu kwiri yake kwa data chache za majaribio, nyingi za namna hiyo, anaona imepita. Siku wateja wanapoanza kulipa kwa awamu, ripoti inaanza kuvimba polepole, na hakuna mtu aliyegusa msimbo wa programu hata herufi moja.

Wengi wakiona namba imevimba hukimbilia SUM(DISTINCT kiasi). Naomba tuiache dawa hiyo. DISTINCT hapo inatofautisha viasi, haitofautishi mistari. Kwa ankara yetu, malipo yatatoka 9,500, na mtu atafurahi. Lakini vipengele vitatoka 6,500, kwa sababu zile 2,500 mbili zimegeuzwa kuwa moja. Umeondoa kosa la kuzidisha ukaleta la kumeza, na hili la pili ni gumu zaidi kuligundua kwa sababu namba inabaki inafanana na ya kweli.

Dawa yenyewe ni fupi: jumlisha kwanza, unganisha baadaye. Kila jedwali la mtoto likunjwe peke yake mpaka libaki na mstari mmoja kwa kila ufunguo, kama namba ya ankara, ndipo likutane na wenzake. Mstari mmoja ukikutana na mstari mmoja, hakuna kinachozidishwa.

Kuna kanuni ndogo ya kuikumbuka hapa, inaokoa muda mwingi. Kupanda kwenda kwa mzazi hakuzidishi mistari. Kushuka kwenda kwa mtoto ndiko kunakozidisha. Malipo yakiunganishwa na ankara ili kujua mteja ni nani, kila malipo yana ankara moja tu, kwa hiyo mistari inabaki idadi ileile. Shuka kwa mtoto mmoja, na bado uko salama alimradi ujumlishe safu za mtoto huyo peke yake. Usijumlishe safu ya mzazi, kama ule usafirishaji. Shuka kwa watoto wawili katika kwiri moja, tayari umeharibu.

Sasa tarehe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mambo mengi.

Kwanza kabisa ni maana. Mtu akisema "malipo ya Januari" anataka nini? Anaweza kutaka fedha zilizoingia ndani ya Januari: hapo unachuja tarehe ya malipo, na jibu la mteja 7 ni 5,000. Anaweza pia kutaka kujua ankara za Januari zimelipwa kiasi gani mpaka leo: hapo unachuja tarehe ya ankara, na jibu ni 9,500. Yote mawili ni majibu sahihi, ya maswali mawili tofauti. Anayeandaa taarifa ya fedha taslimu anataka la kwanza. Anayefuatilia madeni anataka la pili. Usichague kwa kubahatisha, na usichague kwa kuwa jedwali fulani lilikuwa karibu. Uliza, kisha andika jibu kwenye kichwa cha ripoti: "Malipo yaliyopokelewa kati ya...". Maneno manne hayo huzuia mabishano ya wiki nzima.

Ukishajua tarehe ni ya nani, njoo kwenye mipaka. Watu wengi huandika hivi:

```
WHERE a.tarehe BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-01-31'
```

Kama safu ya tarehe imehifadhi siku tu, bila saa, hapa hakuna tatizo: BETWEEN inachukua ncha zote mbili. Lakini safu ikiwa na saa ndani yake, '2024-01-31' maana yake ni saa sita kamili usiku, mwanzo kabisa wa siku hiyo. Kila kilichotokea baada ya hapo kiko nje. Ankara 102, ya saa 14:20 siku hiyohiyo, imepotea. Ripoti yako ya Januari imebaki na siku 30, na siku iliyokatwa ndiyo ya mwisho wa mwezi, ambayo kwa biashara nyingi ndiyo siku ya ankara nyingi.

Mwingine anajua hilo, anaandika mpaka '2024-01-31 23:59:59'. Ameacha tundu la sekunde moja kasoro: muamala wa 23:59:59.4 hautaonekana. Anaziba kwa kuongeza .999. Hapo kwenye aina ya datetime ya SQL Server, mojawapo ya mifumo ya hifadhidata, anakumbana na jambo jingine. Aina hiyo huhifadhi sehemu za sekunde kwa hatua za takribani milisekunde 3.33, hivyo .999 inakuzwa mpaka saa sita kamili usiku wa tarehe 1 Februari. Kama kuna ankara zilizoingizwa kwa siku bila saa, zote za tarehe 1 Februari zimeandikwa saa sita kamili, na zote zinaingia kwenye Januari. Alikuwa anatafuta sekunde moja, amebeba siku nzima.

Andika hivi, na uandike hivi kila mara, hata safu ikiwa ya siku tu:

```
WHERE a.tarehe >= '2024-01-01'
  AND a.tarehe <  '2024-02-01'
```

Mwanzo umo, mwisho haumo. Huna haja ya kukumbuka kama Februari ina siku 28 au 29, wala usahihi wa saa kwenye hifadhidata yako. Na vipindi vinapangana kama matofali: mwisho wa Januari ndio mwanzo wa Februari, hakuna muamala unaoanguka katikati wala unaohesabiwa mara mbili. Kwenye skrini mwachie mtumiaji achague "mpaka tarehe 31", maana ndivyo watu wanavyosema. Ndani ya programu ongeza siku moja kisha utumie alama ya pungufu.

Jambo la tatu katika tarehe ni kishawishi cha kuandika YEAR(a.tarehe) = 2024 AND MONTH(a.tarehe) = 1. Inasomeka vizuri, na jibu lake ni sahihi. Ila umeifunga safu ndani ya kitendakazi, na faharasa ya kawaida ya tarehe, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka, haitumiki tena kuruka moja kwa moja kwenye mistari unayoitaka; hifadhidata inapitia jedwali zima ikiuliza kila mstari mwaka wake. Kwa mistari 5,000 hutaona tofauti. Kwa milioni kadhaa utaiona, na watakaoiona kabla yako ni wale wanaosubiri ripoti.

Halafu kuna ukanda wa saa. Mifumo mingi huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na ni desturi nzuri. Lakini kama mahali panapoandaliwa ripoti pametangulia UTC kwa saa 3, Februari ya hapo inaanza saa 21:00 ya tarehe 31 Januari kwa saa za UTC. Ukichuja kwa '2024-02-01' tupu, miamala ya saa tatu za mwanzo wa Februari umeitupa Januari. Kiswahili kina msemo wake mzuri wa "usiku wa kuamkia Alhamisi". Kompyuta haina subira hiyo, inataka mpaka ulio wazi. Badilisha mipaka miwili kuwa UTC, usibadilishe safu nzima, ili faharasa ibaki na kazi. Na kwenye nchi zinazosogeza saa kwa misimu, usipate kesho kwa kuongeza saa 24: kuna siku za saa 23 na siku za saa 25. Ongeza siku moja kwa kalenda ya mahali hapo, ndipo ugeuze kuwa UTC.

La mwisho upande huu, tarehe iliyohifadhiwa kama maandishi. "03/04/2024" ni tarehe 3 Aprili kwa mmoja na tarehe 4 Machi kwa mwingine, na ikilinganishwa kama maandishi, "15/01/2024" inaonekana kubwa kuliko "02/12/2024" kwa sababu 1 inakuja baada ya 0. Ukilazimika kuweka tarehe kama maandishi, kama ilivyo kwenye SQLite ambayo haina aina maalumu ya tarehe, tumia mwaka-mwezi-siku kwa tarakimu kamili. Mpangilio huo ukipangwa kama maandishi unajikuta umepangwa pia kama tarehe.

Sasa tuyakusanye yote kwenye kwiri moja inayotoa jibu la lile ombi la mwanzo:

```
WITH v AS (
  SELECT ankara_id, SUM(kiasi) AS jumla
  FROM vipengele
  GROUP BY ankara_id
),
kutozwa AS (
  SELECT a.mteja_id,
         SUM(COALESCE(v.jumla, 0)
           + COALESCE(a.usafirishaji, 0)) AS jumla
  FROM ankara a
  LEFT JOIN v ON v.ankara_id = a.id
  WHERE a.tarehe >= '2024-01-01'
    AND a.tarehe <  '2024-02-01'
  GROUP BY a.mteja_id
),
kulipa AS (
  SELECT a.mteja_id, SUM(m.kiasi) AS jumla
  FROM malipo m
  JOIN ankara a ON a.id = m.ankara_id
  WHERE m.tarehe >= '2024-01-01'
    AND m.tarehe <  '2024-02-01'
  GROUP BY a.mteja_id
)
SELECT w.id, w.jina,
       COALESCE(t.jumla, 0) AS ametozwa,
       COALESCE(l.jumla, 0) AS amelipa
FROM wateja w
LEFT JOIN kutozwa t ON t.mteja_id = w.id
LEFT JOIN kulipa  l ON l.mteja_id = w.id
ORDER BY w.id;
```

Mteja 7: 9,500 na 5,000. Mteja 8: 1,200 na 0. Mteja 9: 0 na 0. Someni kila sehemu kwa lile swali letu. Katika v, mstari mmoja ni ankara moja. Katika kutozwa, mstari mmoja ni mteja mmoja aliyetozwa ndani ya kipindi. Katika kulipa, ni mteja mmoja aliyelipa ndani ya kipindi. Mwishoni, ni mteja mmoja. Kila sehemu ina jibu la sentensi moja, na kila tarehe iko kwenye jedwali lake.

Kama majedwali ni makubwa, ile v inakunja vipengele vya miaka yote kwa ajili ya mwezi mmoja. Peleka ankara na sharti lake la tarehe ndani ya v yenyewe, ili vikunjwe vya ankara za Januari tu. Jibu halibadiliki, kazi ndiyo inayopungua.

Mtu ataniuliza COALESCE zote hizo za nini. Kazi yake hapa ni kuweka 0 mahali pasipo na thamani. SUM ikikosa mstari hata mmoja hairudishi sifuri, inarudisha NULL, yaani "sijui". Na NULL inaambukiza: 1,200 ukitoa NULL ni NULL. Salio la mteja 8, ambaye hajalipa na ndiye unayemtafuta hasa, lingetoka tupu, kisha likadondoka kimya kimya kwenye orodha ya wenye salio zaidi ya sifuri.

Na LEFT JOIN, inayobakiza mistari yote ya jedwali la kushoto hata isipopata mwenzake, ina mtego wake ambao nimeuona ukiwanasa hata wazoefu. Ukiandika FROM ankara a LEFT JOIN malipo m, halafu chini kwenye WHERE ukaweka m.tarehe >= '2024-01-01', ankara isiyo na malipo ina NULL kwenye m.tarehe, na NULL haipiti kipimo chochote cha ukubwa. Mstari unatupwa. Umeandika LEFT kwa mkono wa kulia ukaifuta kwa mkono wa kushoto. Sharti la tarehe ya jedwali la mtoto likae kwenye ON, au ndani ya kwiri ndogo kama nilivyofanya hapo juu.

Kwa wenzetu wa lahajedwali, mambo ni yaleyale kwa sura nyingine. SUMIFS, iliyoingia kwenye Excel ya 2007, kwa asili inajumlisha kabla ya kuunganisha, kwa hiyo haizidishi:

```
=SUMIFS(Malipo!C:C, Malipo!A:A, A2,
        Malipo!B:B, ">="&$F$1,
        Malipo!B:B, "<"&$F$2)
```

Safu A ni namba ya ankara, B tarehe, C kiasi; F1 ina 1 Januari na F2 ina 1 Februari. Alama ya & ni ya lazima: ukiandika ">=F1" ndani ya alama za nukuu, Excel inalinganisha na herufi F na 1, si na kilichomo kwenye kisanduku, na unapata 0. Safu zote ziwe na urefu sawa, la sivyo inarudi #VALUE!. Na tarehe ziwe tarehe kweli. Ndani ya Excel tarehe ni namba tu, 1 Januari 2024 ni 45292, na saa ni sehemu ya desimali baada yake. Tarehe iliyoingia kama maandishi haina namba hiyo, na SUMIFS inaipita bila kukuambia. Jaribu kwa ISNUMBER kwenye safu nzima kabla hujaamini chochote. Wanaotumia VLOOKUP kuleta malipo nao wajue kwamba inarudisha mstari wa kwanza unaolingana, basi. Ankara 101 itaonekana imelipwa 5,000 milele.

Kuna makosa mengine ambayo nitayapitia haraka. Ukikusanya mauzo na marejesho kutoka majedwali mawili, tumia UNION ALL; UNION tupu inafuta mistari inayofanana, na mteja aliyenunua kitu kilekile mara mbili siku moja anahesabiwa mara moja. Fedha zihifadhiwe kwa DECIMAL, aina ya desimali kamili, au kwa namba kamili za sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Kwenye namba za nukta inayoelea, zinazohifadhi desimali kwa makadirio, 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, na mistari laki moja ya hivyo inatosha kukuharibia ulinganisho. Kwenye SQL Server, SUM ya safu ya INT, aina ya namba kamili, inarudisha INT, kwa hiyo ikivuka 2,147,483,647 kwiri inakufa. Igeuze iwe BIGINT, aina inayobeba namba kubwa zaidi, ndani ya mabano ya SUM. Ankara zilizofutwa ziwe na sharti lake kila mahali zinapotajwa, pamoja na upande wa malipo.

Jedwali la viwango vya kubadilisha fedha lina hatari zake peke yake, kwa kuwa unaliunganisha kwa kipindi: tarehe ya muamala iwe kubwa au sawa na mwanzo wa kiwango, na iwe pungufu ya mwisho wake. Vipindi viwili vikipishana hata kwa siku moja, miamala ya siku hiyo inahesabiwa mara mbili. Pakiwa na pengo, inapotea. Kabla ya kulitumia, panga viwango kwa tarehe na uhakikishe mwisho wa kila kimoja ni mwanzo wa kinachofuata.

Namalizia na uhakiki, kwa kuwa hata kwiri nzuri huharibika mtu mwingine anapoiongezea jedwali moja "dogo tu". Hesabu COUNT(*) ya jedwali la msingi kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha. Zikitofautiana, simama hapo. Kisha jumlisha kila jedwali peke yake kwa kipindi kilekile, bila kuunganisha na chochote, na ulinganishe na jumla kuu ya ripoti. Kisha endesha kwiri kwa miezi 12 mmojammoja, halafu mara moja kwa mwaka mzima. Jumla mbili hizo zilingane mpaka senti ya mwisho.

Zisipolingana, tofauti yenyewe inasema. Mteja mmoja akiwa na namba iliyo mara mbili au mara tatu kamili ya inayotakiwa, tafuta jedwali la mtoto lililounganishwa bila kukunjwa. Mwaka ukizidi jumla ya miezi, na kinachokosekana kikawa ni cha siku za mwisho wa mwezi, una BETWEEN mahali fulani. Miezi ikizidi mwaka, na ziada ikawa ni miamala ya saa sita kamili usiku wa tarehe 1, mipaka yako inakanyagana. Tofauti ya senti chache zisizoeleweka inatoka kwenye namba za nukta inayoelea. Na jumla ikilingana lakini idadi ya wateja ikapungua, kuna sharti la WHERE linalokula LEFT JOIN yako, na waliokosekana ni wale ambao hawajalipa.

Karibuni kwa maswali.